Kesi ya Mtoto Kutoka Bwera Hadi Kasese: Kompyuta Inasaidia Wapi?

Kesi ya ulinzi wa mtoto nchini Uganda hupita mikono mingi kabla ya hakimu kuisikiliza. Huanzia kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1) au kwa mwalimu, ikapokelewa na kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, ikaenda kwa daktari, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kwa mwendesha mashtaka, ndipo ikafika masjala ya mahakama. Kila mkono una daftari lake na namba zake. Tangu 2016 teknolojia ya habari imekuwa ikiingizwa mahakamani hatua kwa hatua, na wilaya ya Kasese, hasa Bwera iliyo mpakani na Kongo, ni mahali panapofaa kuzipima hatua hizo. Huko umbali, mpaka, lugha na uhaba wa hati hukutana katika jalada moja. Kipimo chenyewe ni hiki: teknolojia humsaidia mtoto pale inapoyaunganisha madaftari hayo. Ikiishia mezani pa karani wa mahakama, huharakisha kipande cha mwisho tu cha safari ambayo imekwisha kuchelewa.

Sheria na saa zake

Sheria ya Watoto ilianza kutumika 1997 na ikafanyiwa marekebisho makubwa 2016. Iliunda Mahakama ya Familia na Watoto katika kila wilaya, chini ya hakimu. Mahakama hiyo hukaa faragha, katika jengo au chumba tofauti na cha mashauri ya kawaida, na huendesha shauri kwa kuuliza na kuchunguza badala ya mabishano ya mawakili. Mbele yake huja mashauri ya mtoto anayehitaji ulinzi, ambapo hutolewa amri ya uangalizi au ya malezi, na mashauri ya mtoto anayedaiwa kuvunja sheria, kuanzia umri wa miaka 12. Aina ya tatu ni ya mtoto aliyetendewa uhalifu na mtu mzima. Hiyo husikilizwa na mahakama za kawaida. Tangu marekebisho ya sheria ya jinai ya 2007, unajisi wa kawaida husikilizwa na hakimu mkuu, na ule wenye mazingira mazito, kwa mfano wa mtoto aliye chini ya miaka 14 au unaotendwa na mzazi au mlezi, hupelekwa Mahakama Kuu.

Jambo linalozitofautisha kesi hizi na nyingine ni muda. Mtoto aliyekamatwa hapaswi kukaa kituo cha polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini. Kukaa kwake mahabusu hakupaswi kuzidi miezi 6 kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na miezi 3 kwa makosa mengine. Kesi yake katika Mahakama ya Familia na Watoto isipokwisha ndani ya miezi 3 tangu alipojibu mashtaka, hufutwa, wala hashtakiwi tena kwa kosa hilo. Amri ya malezi nayo haizidi miaka 3, na mahakama inatakiwa kuipitia upya angalau mara moja kwa mwaka.

Vipindi hivi ni hesabu za tarehe, na hesabu za tarehe ndiyo kazi ambayo kompyuta huifanya bila kuchoka. Chukuliwe mfano wa mtoto aliyejibu mashtaka tarehe 4 Machi. Miezi 3 inakwisha tarehe 4 Juni. Korti ikiahirisha kesi mwezi mmoja kwa sababu shahidi hakufika, mwezi wa pili kwa sababu ripoti ya afisa ustawi wa jamii haijaletwa, na wa tatu kwa sababu hakimu yuko mafunzoni, muda umekwisha na hakuna aliyeamua lolote. Katika daftari la karatasi tarehe hiyo haionekani mpaka mtu afunue ukurasa na kuhesabu. Katika mfumo wa kompyuta inaweza kujitokeza yenyewe kwenye orodha ya hakimu wiki kadhaa kabla, na ujumbe ukatumwa kwa simu ya yule ambaye ripoti yake inasubiriwa.

Eneo lenyewe

Katika sensa ya 2014 Kasese ilikuwa na watu wapatao 695,000, waliotawanyika kuanzia milima ya Rwenzori hadi kingo za Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Bwera iko zaidi ya kilomita 50 kutoka mji wa Kasese, kwa barabara inayokata kona Kikorongo na kuelekea mpaka wa Mpondwe. Ina mahakama ya hakimu na hospitali, lakini ofisi za wilaya, pamoja na ya afisa ustawi wa jamii, ziko Kasese. Mahabusu ya watoto ya kanda iko Fort Portal, kilomita nyingine kama 75 kutoka Kasese. Kwa hiyo mtoto wa Bwera anayewekwa mahabusu hutolewa mbali na wazazi wake, na kila tarehe ya kesi inadai gari, mafuta na askari wa kumsindikiza. Kimoja kikikosekana, kesi huahirishwa.

Hapo ndipo kiungo cha sauti na picha (video) kina faida iliyo wazi kuliko zote. Kuahirisha kesi, kupanga tarehe na kuongeza muda wa mahabusu ni shughuli za dakika chache ambazo hazihitaji mtoto asafirishwe mchana kutwa. Mtoto akiwa Fort Portal mbele ya kamera, hakimu anamwona, anamuuliza hali yake na kumweleza kinachoendelea. Safari hubaki kwa siku ya ushahidi.

Mifumo ilivyoingia

Msingi wa kisheria uliwekwa kwanza. Kanuni za kiungo cha sauti na picha za 2016 ziliruhusu shahidi atoe ushahidi akiwa nje ya chumba cha mahakama. Mwaka 2019 Jaji Mkuu alitoa maelekezo ya kuingiza teknolojia katika uendeshaji wa mashauri, yakigusa uwasilishaji wa nyaraka, utumaji wa hati za wito na urekodi wa mwenendo wa kesi. Janga la UVIKO lilipofunga korti 2020, mahakama ilitoa mwongozo wa kusikiliza mashauri kwa mtandao, na jambo lililokuwa la majaribio likawa la lazima.

Tarehe 1 Machi 2022 ulizinduliwa mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, unaojulikana kwa ufupisho wa ECCMIS. Kupitia mfumo huu wakili au mhusika hufungua shauri kwa mtandao, hulipa ada, hupata namba ya shauri na hupokea taarifa za tarehe kwa barua pepe au simu. Hakimu hugawiwa majalada na mfumo wenyewe, na kila hatua huacha alama ya nani alifanya nini na lini. Utekelezaji ulianzia mahakama za juu na baadhi ya mahakama za Kampala na miji mikubwa, kisha ukaendelea kwa awamu.

Mpango huo ulifuata mahali penye mawakili wengi na mashauri ya biashara. Kesi ya mtoto haina sura hiyo. Aghalabu haina wakili wala ada, na haifunguliwi na mhusika mwenyewe. Huletwa na polisi au afisa ustawi wa jamii. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ina mfumo wake, PROCAMIS, polisi wana namba zao za daftari la makosa, na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina kumbukumbu zake za watoto walio katika mazingira magumu pamoja na simu ya bure 116, iitwayo Sauti. Mtoto yuleyule anaweza kuwa na namba nne katika mifumo minne isiyosomana. Kenya ilianzia upande mwingine. Pamoja na kufungua mashauri kwa mtandao, kulikoanza Nairobi Julai 2020, idara yake ya huduma za watoto ina mfumo wa taarifa za ulinzi wa mtoto, CPIMS, unaomfuata mtoto tangu anaporipotiwa. Kwa kesi za watoto, mfumo wa namna hiyo ndio unaopaswa kuilisha korti.

Hati tatu zinazoamua

Kesi nyingi za watoto huanguka au husimama kwa hati chache. Ya kwanza, katika kesi za unajisi, ni fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, PF3A, anayoijaza mtaalamu wa afya baada ya kumpima mtoto. Fomu hii hutoka kituoni ikiwa mkononi mwa mzazi, hujazwa hospitalini, kisha hurudishwa kituoni. Ikipotea njiani, ikaloa mvua, au aliyeijaza akahamishwa wilaya, mwendesha mashtaka hubaki na maneno ya mtoto peke yake. Sheria ya ushahidi hulifanya pengo hilo kuwa kubwa zaidi. Mtoto wa umri mdogo, ambao Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Kibangeny arap Kolil la 1959 iliufasiri kuwa chini ya miaka 14, huhojiwa kwanza kuona kama anaelewa maana ya kiapo. Akitoa ushahidi bila kiapo, hautoshi kumtia mtu hatiani mpaka uungwe mkono na ushahidi mwingine. Picha ya fomu iliyojazwa, ikipigwa hospitalini palepale na kuhifadhiwa katika jalada la kielektroniki pamoja na saa na jina la aliyeipiga, haichukui nafasi ya fomu halisi. Lakini huonyesha kwamba fomu ilikuwepo na ilisema nini, na humwezesha mwendesha mashtaka kuisoma siku hiyohiyo.

Hati ya pili ni ya umri. Mshtakiwa akidai kwamba msichana alikwisha kutimiza miaka 18, hati ya kuzaliwa humaliza ubishi. Isipokuwepo, korti hutegemea kauli ya mzazi au uchunguzi wa meno. Uganda ilianza kusajili vizazi kwa simu za mkononi mwaka 2011, kazi iliyofanywa na ofisi ya usajili pamoja na kampuni ya Uganda Telecom na UNICEF, na baada ya sheria ya usajili wa watu ya 2015 usajili ukahamia kwa mamlaka ya vitambulisho, NIRA. Korti ikiweza kuuliza kumbukumbu hizo moja kwa moja, swali la umri linalokula vikao viwili hujibiwa asubuhi moja.

Ya tatu ni ripoti ya afisa ustawi wa jamii kuhusu nyumbani kwa mtoto, ambayo hakimu huihitaji kabla ya kutoa amri ya malezi. Afisa huyo huhudumia wilaya nzima. Kumtumia ombi kwa mtandao hakumwongezei mafuta ya pikipiki, ila humwezesha kupanga familia tatu za Bwera katika safari moja, kwa kuwa anaziona zote kwenye orodha yake pamoja na tarehe za mwisho.

Chumba cha ushahidi

Katika ushahidi kwa kiungo cha sauti na picha, mpangilio wa chumba una uzito kuliko ubora wa kamera. Mtoto hukaa katika chumba kidogo akiwa na mtu anayemwamini. Kamera moja huonyesha uso wake, na nyingine inapaswa kuonyesha chumba kizima ili upande wa utetezi uridhike kwamba hakuna anayemnong'oneza. Skrini ya mtoto humwonyesha anayemuuliza, bila kumwonyesha mshtakiwa. Mkalimani naye ana pa kukaa. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, mtoto wa Bwera huenda anazungumza Lhukonzo tu, na mkalimani anayesikia sauti inayokatika hutafsiri nusu. Kwa hiyo kipaza sauti kizuri na betri ya akiba huja kabla ya skrini kubwa. Umeme ukikatika katikati ya jibu, rekodi inapaswa kuonyesha swali liliishia wapi, maana kumrudisha mtoto kwenye swali lilelile ni kumwumiza mara ya pili.

Mpaka na siri

Ng'ambo ya mto Lhubiriha, ulio mpakani, ni Kasindi ya Kongo, na watu wa pande zote mbili ni ndugu wa lugha na soko moja. Mtuhumiwa anaweza kuvuka kwa miguu, na shahidi vilevile. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini hati ya wito ya hakimu wa Bwera haina nguvu upande wa pili. Shahidi aliye tayari anaweza kusikilizwa kwa video. Asiyetaka hafikiwi na mtandao wowote. Hapo kazi inabaki ya polisi na serikali mbili.

Siri ina uzito zaidi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Sheria ya Watoto inakataza kuchapisha jambo litakalomtambulisha mtoto, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 inazitaja waziwazi taarifa za watoto. Orodha ya kesi inayobandikwa ukutani husomwa na wapita njia, lakini jalada la kielektroniki lililo wazi linaweza kusambaa kijiji kizima kwa WhatsApp. Ndiyo maana mfumo unapaswa kutumia herufi za mwanzo za jina katika orodha za hadhara, kutenganisha anayeona tarehe tu na anayeona ushahidi, na kuandika kila aliyefungua jalada.

Anayeweza kuunganisha

Kuyaunganisha madaftari ya ofisi hizi hakuhitaji kusubiri mfumo mpya wa taifa. Vyombo vya haki vya Uganda vina kamati za wilaya ambamo hakimu mkuu, polisi, magereza, mwendesha mashtaka na afisa ustawi wa jamii huketi pamoja. Kamati hiyo inaweza kukubaliana juu ya namba moja ya kesi kwa kila mtoto, inayoandikwa na LC1, polisi, hospitali na masjala. Inaweza pia kukubaliana juu ya orodha moja ya tarehe za mwisho inayotumwa kila wiki. Vilevile inaweza kumteua mtu mmoja anayewajibika kwa kila kuchelewa. Daftari la karatasi lenye safu hizohizo linaendelea kujazwa kwa siku za umeme kukatika. ECCMIS ikifika katika korti iliyokwisha kuzoea utaratibu huo, inapokea taarifa zilizopangwa. Ikifika bila utaratibu huo, makarani watanakili madaftari yaleyale kwenye kompyuta, pamoja na mapengo yake.