Mikoko Itarudi, Michael Je?

Katika riwaya ya Helon Habila, Oil on Water (2010), waandishi wawili wa habari wanaingia vijito vya delta ya Niger kumsaka mke wa mhandisi Mwingereza aliyetekwa. Hadithi inamfuata mateka, lakini moyo wake uko kwa Mzee Tamuno, anayewaongoza kwa mtumbwi. Anawasihi wamchukue mwanawe, Michael, waende naye Port Harcourt, kwani kwao hakuna tena maisha.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kuirejesha Ogoni, ndani ya delta hiyohiyo, kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Ripoti ilipima mafuta kwenye tope, maji na mikoko. Habila anapima umri wa mtoto: miaka hiyo ikiisha, Michael atakuwa mtu mzima wa mjini, na vijito vitakuwa vigeni kwake.

Kasoro ya riwaya ni kwamba msako unaturudisha kwa mateka kila tunapoanza kumsikiliza mzee. Hata hivyo, ombi lake linadai jibu: ardhioevu ikisafishwa, ni nani atakayebaki kuvua?