Nyumba ya Mwamuzi wa Rungwe: Ilivyojengwa na Ilivyodumishwa

Katika nchi ya Wanyakyusa, ambayo kata ya Kisondela wilayani Rungwe, Tanzania, ni sehemu yake pamoja na miteremko mingine iliyo kusini mwa Mlima Rungwe, mtu aliyekata shauri la mwisho alikuwa malafyale, yaani chifu, na nyumba yake ilikuwa kwa wakati mmoja makao ya wake na watoto wake, zizi la ng'ombe wake na mahali walipofikia watu waliokosana baada ya kushindwa kupatana kwingine kote. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, na ambaye mwaka 1937 alichapisha maelezo juu ya sheria za Wanyakyusa, alionyesha kwamba ugomvi ulianza kusuluhishwa na rafiki au majirani, ukapanda hadi kwa wakuu wa vijiji walioitwa amafumu, na ule tu ulioshindikana huko ndio uliofikishwa kwa chifu. Kwa kuwa baraza lilikaa nje, katika uwanja uliofagiwa au chini ya kivuli cha mti, anayetafuta leo nyumba ya mwamuzi wa kale wa Rungwe asitarajie kukuta chumba cha mahakama chenye meza na viti, kwani kinachopaswa kuchunguzwa ni ufundi wa aina nyingine kabisa, ambao ulidumisha makao ya namna hiyo kwa vizazi kadhaa ingawa nyumba moja moja haikudumu.

Nyumba za Wanyakyusa zilikuwa za namna mbili, msonge wa duara na nyumba ndefu ya pembe nne ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, na zote mbili ziliwashangaza wageni wa mwanzo kutoka Ulaya, akiwemo Joseph Thomson wa Uskoti aliyepita mwaka 1879 na kuusifu usafi wake na nakshi zake. Kiunzi kilikuwa cha mianzi. Mianzi iliyokomaa ilichimbiwa ardhini kwa kufuata mzunguko wa nyumba, ikasimamishwa kwa kuinamia nje kidogo, hata ukuta ukawa mpana zaidi juu kuliko chini, kisha ikafungwa kwa fito zilizolala na kwa kamba za maganda ya miti. Nafasi zilizobaki kati ya mwanzi na mwanzi zilijazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono, moja juu ya jingine, yakagandamizwa kabla ya kukauka, hivi kwamba kwa nje mianzi na madonge vilionekana kwa zamu na kuunda mapambo, wakati kwa ndani ukuta ulikandikwa ukawa laini.

Mwinamo huo wa ukuta unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika wilaya ambayo sehemu zake nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, adui wa kwanza wa ukuta wa udongo ni maji yanayodondoka kutoka kwenye paa na kuruka yanapogonga ardhi. Ukuta unaoinamia nje huufanya upenu, yaani ukingo wa paa unaopita nje ya ukuta, umwage maji mbali zaidi na mguu wa nyumba, ambako ndiko mwanzi ulipozikwa na ndiko unakoanza kuoza. Paa la nyasi nalo liliezekwa kwa mteremko mkali ili maji yasikawie juu yake. Hakuna haja ya kudhani kwamba wajenzi walifikia umbo hilo kwa kubahatisha, kwani kila kipengele chake kinajibu swali ambalo mvua ya Rungwe huliuliza kila mwaka.

Kipengele kingine, ambacho mara nyingi husahauliwa na wanaotaka kuhifadhi nyumba za asili, ni moto. Mwanzi una wanga mwingi unaopendwa na dumuzi, wadudu wanaotoboa miti na kuacha unga, na nyasi za paa huvutia kuvu pindi zinapokosa kukauka. Moshi wa jiko lililowaka ndani kila siku uliingia katika nyasi na mianzi, ukaikausha, ukaipaka masizi na kuwafukuza wadudu, kwa hiyo nyumba iliyokaliwa na watu ilijilinda yenyewe kwa kiasi kikubwa. Nyumba hiyohiyo ikifungwa kwa kufuli na kuonyeshwa kwa wageni tu huanza kuharibika upesi, kwa kuwa imenyang'anywa moshi wake. Ndiyo sababu makumbusho yenye nyumba za asili, kama Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, hulazimika kuzijenga upya mara kwa mara, na kazi hiyo ya kujenga upya, ambayo wengine huiona kuwa dosari, ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi ya asili ya nyumba hizo.

Kwa Wanyakyusa, kufanya upya kulikuwa na mpango wa kijamii nyuma yake. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza kwa kina vijiji vya marika, yaani vijiji vilivyokaliwa na wanaume wa umri mmoja pamoja na wake zao, badala ya watu wa ukoo mmoja. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 waliondoka kulala katika nyumba za baba zao, wakaanza kujijengea vibanda vya matete pembezoni mwa kijiji cha wazee, wakiendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao. Vibanda hivyo vya matete vilikuwa shule ya ujenzi kwa maana kamili, kwani mvulana aliyekosea kufunga fito aliona kosa lake mvua ya kwanza iliponyesha, akabomoa na kufunga tena, na kufikia wakati wa kuoa alikuwa amekwisha kujenga mara nyingi kwa vifaa hafifu kabla ya kukabidhiwa mianzi iliyokomaa. Hapa ndipo ilipokuwa hifadhi yenyewe: nyumba moja iliweza kuporomoka bila hasara, maadamu lilikuwapo rika zima lenye uwezo wa kujenga nyingine iliyo sawa nayo.

Utaratibu huo ulifika kileleni katika sherehe iliyoitwa ubusoka, ambayo kwayo chifu mzee aliwatoa wanawe wawili wakubwa mbele ya watu, nchi yake ikagawanywa kati yao, na utawala, pamoja na mamlaka ya kukata mashauri, ukaanza kuhamia kwa kizazi kipya. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, ukapekechwa moto mpya, na machifu vijana wakapewa mahali pa kujenga makao yao. Mwamuzi mpya, kwa hiyo, hakurithi jengo la mwamuzi aliyetangulia. Alirithi cheo, ng'ombe, ardhi na wajenzi wa rika lake, wakati makao ya mzee yaliachwa yafuate njia yake baada ya kifo chake.

Njia hiyo ni tofauti sana na ile iliyoihifadhi nyumba ya John Marshall katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia nchini Marekani, na tofauti hiyo husaidia kuelewa kila upande. Marshall, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani tangu 1801 hadi alipofariki 1835, na ambaye hukumu yake ya mwaka 1803 katika shauri la Marbury dhidi ya Madison ilithibitisha uwezo wa mahakama kutangaza kwamba sheria fulani inapingana na Katiba, alijengewa nyumba ya matofali iliyokamilika mwaka 1790. Nyumba hiyo ilinusurika moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji mwezi Aprili 1865, ikabaki mikononi mwa uzao wake hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ikaponea chupuchupu kubomolewa pale jiji lilipokitaka kiwanja kwa ajili ya shule, na hatimaye ikawekwa chini ya uangalizi wa chama cha kuhifadhi mambo ya kale ya Virginia, kilichoifungua kwa umma mwaka 1913. Kilichoiokoa kwanza kilikuwa hati, yaani mfululizo wa nyaraka zilizoonyesha nani anamiliki na nani ana wajibu wa kutunza, na matofali yalikuja nyuma ya hati hiyo. Hata hivyo jiko la nje, ofisi ya uwakili na banda la farasi vilitoweka, na pamoja navyo zikatoweka nafasi walimofanyia kazi watumwa waliomilikiwa na Marshall, hasara ambayo kwa msomaji wa Afrika Mashariki haiwezi kuwa ndogo, kwa kuwa nyumba iliyobaki inamwonyesha mwenye nyumba kuliko inavyowaonyesha waliomhudumia.

Kwa upande wa ufundi, nyumba ya matofali ya kale hudai uangalizi unaofaa kuzingatiwa hata Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian waliofika mwaka 1891 na watawala wa Kijerumani waliojenga boma la Tukuyu waliacha majengo mazito yanayotumika hadi leo. Matofali ya zamani yalichomwa kwa moto usiolingana, hivyo mengi ni laini na hufyonza maji, na yaliunganishwa kwa udongo au chokaa, ambavyo huruhusu unyevu kupita na kutoka. Fundi anayeziba nyufa kwa saruji, akiamini kwamba anaimarisha ukuta, huufungia unyevu ndani ya tofali. Tofali huanza kumeguka uso wake kando ya mshono mgumu, na baada ya miaka kadhaa saruji hubaki imejitokeza nje huku tofali likiwa limekwisha kuliwa. Chokaa hudai subira na fundi anayeijua, lakini kwa ukuta wa aina hiyo ndiyo tiba ya kweli.

Mnyororo wa ufundi wa mianzi ulikatika kwa sababu zilizotokea nje ya ujenzi. Vijana walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kahawa na chai zilizipa ardhi thamani ya kudumu, na watu wakaanza kung'ang'ania shamba walilopanda badala ya kuhama na rika lao. Nafasi ya kuanzisha vijiji vipya vya wavulana ikapungua, na vibanda vya matete vikatoweka pamoja na mafunzo yake. Baadaye, mwaka 1963, Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu na kutunga sheria iliyoziweka mahakama za mwanzo mahali pa mahakama za wenyeji, hivyo cheo cha malafyale kikapoteza kazi ya kukata mashauri.

Kilichobaki katika nchi ya Wanyakyusa ni kile ambacho nyumba iliacha nyuma. Chifu alizikwa katika makao yake, miti ikakua kulizunguka kaburi bila kukatwa, na baada ya mianzi na nyasi kuoza pakabaki kichaka kitakatifu kilichotumika kwa matambiko, hivyo uwanja uliokuwa wa hukumu ukageuka msitu mdogo uliolindwa kwa mwiko. Vichaka hivyo bado huonekana katikati ya migomba na mashamba ya chai, na kwa tathmini ya haki ndivyo nyumba za waamuzi wa Rungwe zilizohifadhiwa kwa muda mrefu kuliko jengo lolote la wilaya hiyo. Mwiko, hata hivyo, hudhoofika wenye kuuamini wanapopungua na bei ya mbao inapopanda.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na yaliyojengwa baada ya hapo huhitaji kutangazwa na waziri, kwa hiyo boma na nyumba za misheni ziko nje ya kinga hiyo ya kwanza, na kichaka kisicho na jengo hakiingii ndani yake kwa urahisi. Njia iliyo karibu zaidi na mikono ya wanakijiji ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuweka mipaka yake kwenye ramani, kuunda kamati ya maliasili na kutunga sheria ndogo zenye adhabu. Kamati ya namna hiyo, ikiwakalisha pamoja wazee wanaojua kaburi la nani liko wapi na mafundi wachache wanaokumbuka kufunga mianzi, inaweza kuandika mipaka ya kichaka, jina la aliyezikwa humo na vipimo vya nyumba iliyosimama hapo katika kumbukumbu moja ya kijiji.