Neno Linapomezwa na Noti: Uhakiki wa Usaili wa Waimbaji wa Tamthilia za Muziki za Kiswahili

Makala hii inahakiki namna waimbaji wanavyoandaliwa na kusailiwa kwa ajili ya tamthilia za muziki zinazoimbwa kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba usaili huo, kama tulivyoushuhudia, hupima sauti na kuisahau lugha.

Utaratibu wenyewe umeazimwa. Katika mazoea ya Broadway, msailiwa huimba kipande kifupi, aghalabu vipimo 16 au 32 vya muziki, na jopo husikiliza upana wa sauti, usahihi wa noti, udhibiti wa pumzi na uwezo wa kuigiza huku akiimba. Hatuna ugomvi na vigezo hivyo. Mwigizaji asiyejua kugawa pumzi yake hawezi kuhimili maonyesho manane kwa wiki, kama ilivyo desturi huko. Tatizo ni kwamba mazoezi ya matamshi yanayoandamana na vigezo hivyo yalitungiwa Kiingereza, lugha yenye irabu nyingi na mafungu mazito ya konsonanti. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa chepesi kuimbika, na uzembe huanzia hapo.

Katika usaili mmoja nilioalikwa kama mshauri wa lugha, kijana mwenye sauti ya kuvutia aliimba mstari wa mhusika anayemwahidi mama yake, "nitakufaa". Lahani iliweka pigo zito kwenye silabi *ku* na kuzibana irabu mbili za mwisho katika noti moja fupi. Tulichosikia ni "nitakufa". Jopo liliandika alama za juu. Mimi nilibaki nikimwonea huruma yule mama.

Kosa hilo halikuwa la koo, wala halikuwa la kijana peke yake. Irabu mbili zinazofuatana katika Kiswahili ni silabi mbili, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi asipozipa nafasi, hugeuza maana. Hata maneno machache yanayokiuka kanuni ya mkazo yanaonyesha uzito wake: *barabara* ya kupita magari na *barabara* ya kusifia kazi iliyofanywa sawasawa hutofautishwa na mkazo tu.

Hali huwa mbaya zaidi katika nyimbo zilizotafsiriwa. Mstari wa Kiingereza mara nyingi hufungwa kwa silabi yenye mkazo, na mtunzi huiwekea hapo noti ndefu ya kilele. Neno la Kiswahili la silabi mbili au zaidi haliishii hivyo. Matokeo yake ni mwigizaji anayeipandisha sauti yake yote kwenye silabi dhaifu, na *moyo* au *nyumbani* ikasikika kana kwamba imetamkwa na mgeni aliyewasili jana. Hata hivyo, ugeni si kisingizio. Elton John alipotunga "Hakuna Matata" kwa ajili ya filamu ya *The Lion King* ya 1994, iliyopandishwa Broadway mwaka 1997, lahani yake iliulaza uzito kwenye *ku* na *ta*, pale pale anapouweka msemaji wa Kiswahili.

Suala la nazali linazigusa moja kwa moja nchi jirani. Katika *mtoto*, *m* ni silabi kamili na huhitaji pigo lake, midomo ikiwa imefumbwa. Mwimbaji mwenye Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi, ambako *mu* ina irabu yake, huelekea kuimba *mutoto*. Lakini mwimbaji huyo huyo anatoka katika lugha zinazotofautisha maana kwa urefu wa irabu, na huenda sikio lake likainasa tofauti ya *kufa* na *kufaa* mapema kuliko wenzake. Aidha, tamthilia ikiwa ya Lubumbashi, *mutoto* ndiyo lugha ya wahusika, na jopo linalomkata alama mwimbaji kwa hilo litakuwa limekosea.

Mifano ya kujifunzia haiko mbali. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, ni wa utamaduni wa taarabu ambamo irabu hurefushwa kwa madoido mengi, ilhali msikilizaji hana budi kulipata neno, kwani fumbo ndilo lililomleta. Nchini Uganda, Byron Kawadwa aliijenga *Oluyimba lwa Wankoko*, iliyofika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977, ndani ya Kiganda chenyewe, badala ya kukivisha Kiganda lahani ya kigeni.

Kwa wanaopanga mitaala na ruzuku, tunapendekeza msailiwa asome maneno ya wimbo kwa sauti ya mazungumzo kabla ya kuyaimba, na usomaji huo upewe alama. Mtu wa lugha awe mjumbe kamili wa jopo. Mshauri asiye na alama hukaa pembeni na kunywa chai, nami naijua chai hiyo. Fedha za umma zitangulie kugharimia utunzi mpya kabla ya tafsiri. Litakalopingwa ni gharama. Pendekezo la kwanza, hata hivyo, halina gharama yoyote.

Kijana yule tulimwomba asome mstari wake mara tatu, kisha aimbe tena. Bila kuelekezwa, aligawa ile noti moja kuwa mbili. Mtunzi, aliyekuwa ameketi kwenye kinanda, alichukua kalamu akairekebisha karatasi yake.