Kalela na Dhana ya Kabila: Kitabu cha Mitchell Kinaposomwa Katanga

Katika kozi nyingi za utangulizi wa anthropolojia ya utamaduni, neno kabila huingia darasani bila kubisha hodi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa maana ya utamaduni kama alivyoieleza Edward Tylor mwaka 1871, yaani jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria na desturi anazozipata mtu kwa kuwa mwanajamii. Kisha huambiwa kwamba kila kabila lina utamaduni wake. Sentensi hii ya pili haimo katika maelezo ya Tylor. Imepenyezwa baadaye, na kwa kuwa ni nyepesi kukariri, hubaki kichwani hata baada ya mtihani.

Kitabu kidogo kiwezacho kuitikisa ni The Kalela Dance cha J. Clyde Mitchell, kilichotolewa mwaka 1956 na Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Msomi wa Lubumbashi hana udhuru wa kutokijua: mji wa Luanshya, ambako Mitchell aliiona ngoma hiyo mwaka 1951, uko ng'ambo ya mpaka tu, katika ukanda uleule wa shaba.

Wachezaji walikuwa Wabisa, wengi wao vibarua. Anayetarajia manyoya na ngozi za chui hatayaona. Walivaa suruali za kijivu zilizonyooshwa, fulana safi na viatu ving'aavyo. Walikuwa na «mfalme» wao; walikuwa na «daktari» aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu; tena walikuwa na «muuguzi», mwanamke pekee katika kundi, aliyewazungukia na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho. Ngoma zenyewe zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Nyimbo ziliwasifu Wabisa na nchi yao na kuwatania watu wa makabila mengine, lakini ziliimbwa kwa Kibemba cha mjini. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hapo beni ya pwani, iliyozaliwa Kenya katika miaka ya 1890 na kuandikiwa kitabu na Terence Ranger mwaka 1975. Mitchell mwenyewe aliiona kuwa jamaa ya kalela.

Basi ikiwa mavazi ni ya kizungu, pipa ni la kampuni na lugha ni ya mji, ni kitu gani hapo kilicho cha kabila? Jibu la Mitchell ndilo linalokipa kitabu chake thamani hadi leo. Kabila la mjini, asema, si shina la mila lililong'olewa kijijini na kupandwa upya kambini. Ni njia ya kuwapanga watu wasiojuana. Mtu akikutana na mgeni sokoni au mgodini, hana budi kujua amtendee vipi, na jina la kabila humpa njia ya mkato. Ndiyo maana watu wa mbali hufungwa pamoja katika fungu moja, hali majirani wa nyumbani hubaguliwa mmoja mmoja. Katika mambo mengine jina hilo halikufaa kitu: A. L. Epstein alionyesha mwaka 1958, kwa mji huohuo wa Luanshya, jinsi wachimba madini walivyowakataa wazee wa makabila na kushika chama cha wafanyakazi walipotaka kukabiliana na waajiri.

Kitabu kina kasoro. Bernard Magubane aliitaja ya kwanza mwaka 1971: Mitchell na wenzake waliyatazama mavazi ya kizungu kama ngazi ya heshima, wakasahau kuuliza ni utawala gani uliofanya suruali ya mzungu kuwa kipimo cha utu. Lawama hiyo ni ya haki, ingawa inawasahau wachezaji wenyewe, ambao pengine walikuwa wakicheka kuliko walivyodhaniwa.

Kasoro ya pili yamgusa zaidi msomaji wa Katanga. Katika kitabu cha Mitchell kabila husikika hasa katika utani. Mkono unaoliandika hauonekani. Kumbe mkono huo ulikuwepo. Waluba na Walulua wa Kasai husema lugha moja, Kiluba cha Kasai. Mpaka kati yao ulikazwa wakati wa ukoloni, kwa njia ya misheni, shule na ajira, hata wakapigana huko Luluabourg mwaka 1959. Aliyefundishwa kwamba kila kabila lina utamaduni wake hawezi kuieleza vita hiyo.

Wala hawezi kuyaeleza ya mwaka 1992 na 1993, Katanga ilipokuwa ikiitwa Shaba. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa majumbani na makazini, wakarundikana kwenye stesheni za reli wakingoja treni. Mambo hayo yaliitwa vita vya kikabila. Lakini Waluba wa Katanga hawakufukuzwa, ijapokuwa wanashiriki jina na Waluba wa Kasai. Mpaka uliokata haukuwa wa ukoo wala wa mila. Ulikuwa wa jimbo, nao ulinolewa na siasa ya mwaka ule, baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mnamo Agosti 1992.

Hapa Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Katika Kiswahili cha Katanga «Mukasai» huweza kuwa Mluba, Mlulua, Msongye au Mtetela: jina la mto na la jimbo limekuwa jina la kabila, kama vile Mitchell angetabiri. Ila wakati ule neno jingine lilitumika, «bilulu», yaani wadudu. Hilo halimsaidii mtu kujua amtendee vipi mgeni, limekwisha kuamua. Nadharia ya Mitchell inaeleza vizuri jinsi neno la kwanza lilivyoundwa, na inakaa kimya mbele ya neno la pili, kwa kuwa ilimwona mtaniaji asiyekuwa na orodha ya wafanyakazi mkononi wala redio mdomoni.

Watu waliofukuzana Likasi walikuwa wamekaa mtaa mmoja, wameoana, na bila shaka wametaniana. Utani huo uligeuka lini, na kwa maneno gani, ni swali ambalo kitabu cha mwaka 1956 hakikuweza kuuliza, na ambalo wazee wa Likasi na Kolwezi bado waweza kulijibu, wakiulizwa kwa Kiswahili chao.