Mkono wa Kulia

Daktari stadi akipitisha kamera kwenye utumbo mpana, wengi hutazama skrini. Mimi humtazama mkono wa kulia. Wa kushoto huzungusha magurudumu mawili yanayopinda ncha ya mrija wenye kamera, na kubonyeza vitufe vya hewa na vya kufyonza. Wa kulia ndio wenye kazi nyeti: huusokota mrija kidogo, hutulia, huurudisha nyuma. Naam, nyuma. Utumbo haujashikizwa kila mahali, na pale unapojipinda chini kushoto, mrija ukilazimishwa hufanya kitanzi. Mgonjwa huumia na ncha haisogei. Fundi huvuta, kitanzi hunyooka, na ncha husonga mbele yenyewe. Uzuri ulioje!

Ujuzi huu huingia mkononi kwa kushika mrija, mwalimu akiwa kando. Hospitali ya Tenwek, Bomet, huwafundisha kazi ya kamera madaktari wanaosomea upasuaji, na kwa kuwa saratani ya umio imeshamiri ukanda ule, wao huzoea koo upesi. Zamu za utumbo mpana ni adimu zaidi, ilhali ndizo zinazotaka mazoezi marefu. Uingereza, mwanafunzi huipitisha kamera hiyo mara 200 na zaidi kabla ya kuachiwa afanye peke yake.

Fikiria sasa anayeusubiri mkono huo. Mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria, hupanda boti Sena, akashuka Mbita, kisha akashika njia ya Homa Bay au Kisumu. Dawa ya kusafisha tumbo hawezi kuinywa nyumbani halafu apande boti. Itabidi alale mjini, karibu na choo. Kichocho cha utumbo, kinachotokana na maji ya ziwa, huweza kumtoa damu na kumwotesha vinyama, dalili zile zile zinazotia hofu ya saratani. Jibu hupatikana kwa kutazama na kukata kipande kidogo kipelekwe maabara.

Kwa safari kama hiyo, anastahili mkono uliofunzwa: unaofika mwanzo kabisa wa utumbo mpana kwa wagonjwa 9 katika 10 au zaidi, kisha ukarudi taratibu, si chini ya dakika 6, ukikagua nyuma ya kila mkunjo. Mkono huo haupatikani bila mazoezi, kwa hiyo hospitali yenye wagonjwa wanne asubuhi iwatenge wawili kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu afunge mikono nyuma na kuelekeza kwa mdomo, hata foleni ikichelewa.