Baada ya Goli

Jioni, jua linapoinamia upande wa Lukuga, wavuvi na watoto wa Kalemie hugawana mchanga wa Ziwa Tanganyika: huku nyavu za ndagala, kule goli la mawe mawili. Golikipa ana miaka kumi na moja hivi. Mpira umempita katikati ya miguu, na wenzake wamekwisha kumgeukia kwa makelele.

Kazi ya mwalimu ninayotaka kuisifu huanzia hapo. Mwalimu wa watoto hawa hakumkaripia. Wala hakumwambia kwamba amecheza vizuri, maana mtoto ana macho, ameona mpira ulipopita. Alichuchumaa mbele yake, akauliza kwa upole: “Muguu yako ya kushoto ilikuwa wapi, papa?” Mtoto akafikiri, akaonyesha. “Basi weka hapa. Mupira inarudi sasa hivi.” Aibu ikawa jambo la mguu tu, na mguu husogezwa.

Nalithamini sana neno hilo la pili, kwa sababu golikipa asiyeamini kwamba mpira utarudi kwake huwa ameshatoka uwanjani. Juni 18, 1974, kwenye Kombe la Dunia huko Gelsenkirchen, Kazadi Mwamba, golikipa wa Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo) aliyeheshimika Afrika nzima, alitolewa dakika ya 21, Yugoslavia ikiwa imefunga matatu. Tubilandu, golikipa wa akiba, akaingia baridi. Zaire ikafungwa 9. Huenda Kazadi naye angefungwa mengi; ninachomwonea uchungu ni kwamba siku hiyo hakupewa mpira wa kufuata.

Robert Kidiaba aliupata. Desemba 2010, Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, timu yake ya Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0, naye akarukaruka kwa makalio, mruko ambao watoto bado wanauiga mchangani. Siku chache baadaye Inter ya Italia ikamfunga matatu katika fainali. Wengi hukumbuka ule mruko. Mimi humkumbuka Malabo, Februari 2015, mtu wa miaka 39 akisimama langoni kwenye penalti za kugombea nafasi ya tatu ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Kongo ya Kinshasa ikashinda 4-2. Magoli ya Inter hayakuwa yamemfukuza langoni.

Tuliporudisha macho mchangani, goli lingine lilikuwa limeingia, safari hii juu ya bega. Makelele yakaanza upya. Mtoto hakuwatazama wenzake. Aliutazama mkono wake, akaunyanyua kidogo, akarudi katikati ya mawe yake.