Draiva Iliyosingiziwa

Septemba 2008, waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kiini cha Linux 2.6.27 walianza kupoteza kadi za mtandao za Intel. Kuizima kompyuta na kuiwasha tena hakukusaidia, kwani kumbukumbu ya kudumu ya kadi, ile inayotunza hata anwani yake ya mtandao, ilikuwa imevurugwa. Lawama zikaiangukia draiva yake, e1000e, programu inayokiwezesha kiini kuiamuru kadi hiyo. Nani mwingine angeigusa? Kwangu mimi, kisa hiki kinaonyesha wazi kuliko majedwali yote ya kasi za draiva kwamba kutengeneza draiva ni ufundi wa kushuku: fundi huishuku mashine, hujishuku mwenyewe, kisha huishuku hata lawama iliyo wazi mno.

Mafundi hawakungoja mkosaji apatikane. Kwanza waliifunga kumbukumbu ile isiandikike, na toleo kamili la Oktoba 9 likatoka na kinga hiyo. Mkosaji alikuja kupatikana penginepo kabisa: ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa kiini chenyewe. (Kikulacho ki nguoni mwako, ila hapa nguo zilikuwa za kiini kizima.) Ftrace ilitunza orodha ya anwani za msimbo ili irudi kuurekebisha. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa za msimbo wa kuanzishia moduli, ambao hufutwa ukishamaliza kazi, na anwani zilizoachwa wazi zikaja kutumika kuifikia kadi. Ftrace iliporudi ilitumia amri ya kichakato inayolinganisha kwanza, kisha hubadilisha endapo imekuta ilichotarajia. Isipokikuta, huandika tena thamani ileile iliyoisoma. Katika kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara yoyote. Katika kifaa, kuandika ni kuamuru, na hata kusoma kuna athari: zipo rejista katika kadi hizohizo zinazojifuta zikisomwa tu.

Wapo wasemao kazi ya kutengeneza draiva waachiwe wenye kiwanda. Lakini e1000e ilitoka Intel kwenyewe; kiwanda kinaijua kadi yake, hakiwajui wapangaji wengine wote wa kiini. Wengine huitegemea lugha ya Rust, iliyoingia katika Linux 6.1 mwaka 2022. Hoja yao ina uzito, maana lugha hiyo huziba makosa mengi ya kumbukumbu. Hata hivyo, chombo kinachobadilisha msimbo wa kiini kikiwa kinaendeshwa lazima kitoke nje ya ulinzi wa lugha yoyote, na hakuna mkusanyaji msimbo anayejua rejista ipi hujifuta ikisomwa.

Katika toleo la 2.6.27.1 sehemu ya ftrace iliyorekebisha msimbo ilizimwa hadi itengenezwe. Draiva ilikwisha kutakaswa, ila kinga ya kadi haikuondolewa.